Masinde Atakuja na Gitaa

Landhi za Reli,
Nakuru.
18 Julai 1958

Kwa ndugu yangu mpendwa Wepukhulu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi ni mzima, ila vumbi la Nakuru linanikohoza. Wewe je, na wifi? Mguu wako umepona? Baba Masinde bado yuko kwenye injini. Hurudi mweusi kama sufuria, akala, akalala.

Sasa habari za mpwa wako Masinde. Mwezi ujao anatahiriwa, na siku moja kabla atafika kwako kukualika, umchinjie ng'ombe na kumvika nyama shingoni kama ilivyo desturi. Mjomba akimkataa hakuna kisu, wewe wajua. Atangoja miaka miwili mingine, na wenzake wamcheke.

Lakini mtoto huyu ametekwa na santuri! Karibu na soko kuna hoteli ya chai yenye gramafoni, na vijana wa landhi, hizi nyumba za reli, hushinda huko. Suruali zao zinafagia barabara! Masinde naye amejiundia gitaa la debe. Nilipompa kengele ulizomtumia azipige akija kukualika, alisema hizo ni za watoto wa shamba, yeye atakualika kwa gitaa. Baba yake alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Mimi niliingia jikoni nikacheka peke yangu.

Habari zikakufikia, ndipo ikaja barua yako, kwamba kijana atakayeingia bomani mwako bila kengele atatoka na fimbo. Hapo kicheko kiliniisha.

Ndugu yangu, nikiri. Masinde alikwisha kutii, akaliweka gitaa na kuzichukua kengele. Mimi ndiye niliyemrudishia gitaa. Siku moja nikifua nguo nilikuwa nikiimba wimbo aliokuimbia marehemu mama ulipotahiriwa wewe. Mtoto akaliokota gitaa, akaushika kwenye nyuzi. Nililia, sikuficha, nikamwambia aje kwako nalo. Juzi nilipita hotelini nikamkuta akiupiga, na wenzake wa makabila mengine, akina Owuor na Waithaka, wanaitikia, wala hawajui maana ya neno hata moja. Miaka kumi na sita mjini sikuweza kumfundisha kitu cha kwetu, gitaa limemfundisha kwa wiki moja.

Basi atakuja nalo, na nitakuwa nyuma yake. Msikilize mpaka mwisho. Ukiona bado ni fimbo, anza na mimi.

Wasalimie wifi, watoto na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awatunze hadi tuonane Agosti.

Ni mimi dada yako,
Nabalayo