Mtani na Bunduki ya Bomba

Mtoni, Temeke
6 Juni 2024

Mdogo wangu Nassibu,

Assalam alaikum. Natumai u mzima huko Afrika ya Kati mnakolinda amani ya watu. Sie huku tunapumua, ila uzima wenyewe sina hakika nao. Nakuandikia karatasi kwa sababu kila nikikupigia namkuta yule mwanamke wa mtandao, na nimechoka kugombana naye. Mwenzako anayerudi kazini kutoka likizo kaniahidi itakufika mkononi.

Kaa chini kwanza. Baba mdogo Sadallah ameuawa.

Panya road waliingia mtaani Jumatatu, jua halijazama vizuri, kundi zima la vijana na kila mmoja ana panga. Sie tulijifungia. Yeye ndio kwanza anatoka kwenda lindoni, kavaa koti lake la kazi, filimbi shingoni. Badala ya kurudi ndani, mzee wa watu akapuliza filimbi na kuwasimamia njiani na kirungu. Nassibu, walimkata mpaka kirungu nacho kikakatika. Nilikuwa nachungulia dirishani, nimemkumbatia Abdulrahman kwa nguvu zangu zote asitoke. Wakamvua na koti lenyewe. Mmoja akalivaa palepale, linachuruzika damu, wenzake wakacheka.

Tulimzika kesho yake. Isack, yule Mnyamwezi wako mliyekuwa naye jeshini JKT, alifika kutoka Mbezi Luis kabla ya ndugu wengi. Si unajua Wanyamwezi walivyo watani zetu sie Wazaramo, wana ruhusa ya kututania hata msibani. Akajilaza mlangoni, akaapa Mzaramo hatoki kwenda makaburini mpaka mtani apewe kuku wake. Watu wakacheka huku wanalia. Nilimpa jogoo, akatupisha.

Sasa nina jambo. Mtaani wameanzisha kikundi cha ulinzi. Mwenyekiti anasema kirungu na filimbi, basi. Lakini Khalfani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayekitaka kiti hicho uchaguzi ukija, kagawa mapanga mapya bure, na hotuba juu. Abdulrahman kaja nyumbani na lake. Ana miaka kumi na tisa, sina mwingine, na wewe ndiye mjomba wake. Nimwachie au nimnyang'anye? Mie moyo wangu unataka abaki nalo. Wale wakirudi sitaki mwanangu afe kama babu yake. Nijibu upesi.

Dada yako,
Chausiku


Afrika ya Kati
27 Juni 2024

Dada yangu Chausiku,

Shikamoo. Waalaikum salaam. Mie mzima, mbu wa huku tu ndio wanalalamika kwamba nimekonda. Barua yako nimeipata jana. Nimemlilia Baba mdogo nyuma ya gari la maji, maana huku mtu mzima akilia mbele ya vijana wake anaulizwa maswali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Panga mnyang'anye. Leo hiihii, usisubiri kesho.

Usiseme Nassibu kawa mwoga. Wiki iliyopita tulifika kijiji kimoja tumechelewa. Nilimkuta mtoto kashika mkono wa mama yake, na mama mwenyewe hayupo, ni mkono tu. Waliofanya hivyo ni vijana wa kijiji cha pili. Tulipowakamata nikamuuliza mkubwa wao walianzaje. Akasema walikuwa kikundi cha ulinzi, wana filimbi na marungu. Akatokea mheshimiwa wao mmoja anayetafuta kura, akawapa mapanga. Baadaye wakajitengenezea magobole kwa mabomba ya maji, na mwisho bunduki zenyewe zikaja, sijui kwa mlango gani. Kila silaha tunayomnyang'anya mtu huku, anaapa ni ya kujilinda. Na wengi hawasemi uongo, dada, hilo ndilo linaloniogopesha.

Mie bunduki nilifundishwa kuipiga kwa muda mfupi sana. Kilichochukua miezi ni kufundishwa kutoipiga. Abdulrahman nani kamfundisha kutokata?

Mpe tochi, mpe filimbi, mwambie mjomba kasema. Akinuna, anune. Na msalimie Isack, mwambie arobaini ya Baba mdogo asituaibishe kwa ulafi wake.

Mdogo wako,
Nassibu


Mtoni, Temeke
8 Julai 2024

Mdogo wangu Nassibu,

Assalam alaikum. Habari za siku nyingi? Sijapata jibu lako, nikasema labda mmehamishwa kambi, au labda mwenzako kalewa na barua yangu mfukoni. Mungu anisamehe kama namsingizia.

Basi nimeamua mwenyewe. Abdulrahman kabaki na panga lake, na nimelinoa kwa mkono wangu. Ungemwona! Anatembea kifua mbele, akipita gengeni kwangu wateja wanamwita kamanda. Juzi walimnasa kibaka mmoja kule bondeni, rafiki yake Bakari akamvunja taya. Nilisikia zile kelele za yule kijana, na nakwambia ukweli, sikumwonea huruma hata kidogo. Wanawake wa mtaa huu tunalala usingizi sasa. Wengine hulala mpaka wakasahau kufunga mlango.

Khalfani kawapa masharti yake: filimbi ikilia hakuna kuulizana, ni kukimbia tu. Na yeyote atakayeonekana na koti la walinzi wa kampuni ya Baba mdogo, huyo ndiye muuaji, asiachwe.

Arobaini ni Jumamosi. Isack alikuja jana, kala chakula cha watu wawili, kisha akanivuta pembeni. Anataka kumwigiza marehemu, kama watani wanavyofanyaga. Nikamtolea lile koti la zamani la Baba mdogo, lililochanika kwapa, na kofia. Kipande cha bomba la maji kakiona uani, kaomba kiwe bunduki yake. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Nimemwapia sitamwambia mtu, hata Abdulrahman, maana utani ukijulikana mapema unachacha.

Tukimaliza nitakuandikia utani ulivyokwenda.

Dada yako,
Chausiku


Mtoni, Temeke
16 Julai 2024

Nassibu,

Salamu zangu zipokee hivyohivyo zilivyo. Sijui nianzie wapi.

Isack amekufa. Abdulrahman ndiye aliyemuua.

Hitma ilikwisha baada ya alasiri. Wanaume wakubwa walikuwa wamekwenda kusimama kaburini, sie wanawake tuko uani na masufuria ya pilau. Isack akatokea nyuma ya choo, kajipaka majivu uso mzima, kofia kaivuta mpaka machoni, koti la Baba mdogo mwilini. Akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, akatuelekezea bomba: "Laleni chini! Pilau juu, mikono juu!" Alitembea kama Baba mdogo kabisa, na ule mguu wake wa kushoto wa kuchechemea. Recho jirani akajitupa mkekani anapiga mayowe ya kucheka, "Jamani nakufa! Nakufa mie!" Sote tukapiga mayowe. Mie mwenyewe nilipiga kuliko wote.

Vijana walikuwa dukani kwa Khalfani. Walichosikia ni filimbi na wanawake wanaolia. Wakaruka ukuta. Walichokiona ni lile koti, na mtu kawaelekezea wanawake mtutu.

Isack akawageukia na bomba lake, bado anacheza, hakujua. Akasema, "Na nyie vibaka, chini!" Abdulrahman alikuwa wa mbele. Pigo la kwanza lilikata vidole vilivyoshika bomba. Isack akainua mikono, damu inamrukia usoni, akasema, "Mie mtani! Mie mtani!" Watoto wa mjini hawa, Nassibu, neno hilo kwao ni la mzaha wa shuleni tu. Nikapiga kelele "Mwache! Ni Isack!" lakini kila mtu alikuwa anapiga kelele. La pili lilimpata shingoni. Bakari akamalizia na rungu mtu akiwa kashaanguka. Nilipofika nikamfuta majivu kwa khanga yangu, na Abdulrahman akauona uso. Alitapika palepale juu ya panga.

Barua yako ya kumnyang'anya ililetwa jioni yake. Mleta barua alinikuta nasugua uani.

Bakari wamemkamata. Khalfani kawaambia polisi kwamba yeye aligawa mapanga ya kufyekea nyasi. Nyasi! Mtoni hii! Abdulrahman nimemtorosha, yuko Kisarawe kwa shangazi Naima. Halali, hali. Wewe una wakubwa unaowajua jeshini. Nakuomba kwa tumbo moja lililotuzaa, tafuta namna aondoke nchi hii. Wakimpata watamnyonga, na ndugu za Isack wakimpata kabla ya polisi, sitapata hata mwili wa kuzika.

Dada yako,
Chausiku


Afrika ya Kati
5 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Afya yangu usiniulize.

Isack alinibeba mgongoni porini, tuko JKT, nina malaria imenipanda kichwani, na njia nzima ananiambia Mzaramo mzito kwa sababu ya madeni ya nazi. Nilikuwa sijawahi kucheka na homa ile. Nimesoma barua yako mara ya kwanza, nikaenda kuchukua bunduki yangu bila amri ya mtu. Nikakaa nayo. Nilitaka Abdulrahman awe mbele yangu. Mtoto niliyemfundisha kuogelea, dada, na nilimtaka afe. Afande wangu alikuja akaninyang'anya, akaniuliza kuna nini, nikamwambia mbu. Hakuniamini, lakini aliniacha nikalala.

Sina namna ya kumtorosha, na ningekuwa nayo nisingemtorosha. Atakimbilia wapi? Watu kama yeye ndio ninaowakamata huku, wanatoka nchi moja kwenda nyingine, wamebeba walichofanya na silaha mpya.

Nisikilize. Arobaini ya Isack inakuja, itafanyika kwake Mbezi Luis. Wanyamwezi wakifiwa, watani wao ni nani? Ni sie. Ni kazi yetu kwenda, kuosha vyombo, kuwachekesha wafiwa, kumwigiza marehemu wao. Unafikiri Benedicta, mke wake, hatazami mlango anatusubiri? Mpeleke Abdulrahman. Ende kama mtani, halafu ende polisi kwa miguu yake.

Najua kaka zake Isack wako pale, na najua wana hasira. Wanaweza kumuua mbele yako. Sikudanganyi. Lakini ukimficha watamuua tu, leo au mwakani, na Bakari atanyongwa peke yake kwa kosa la wote.

Ningekuwa huko ningekwenda mie. Sipo. Nisamehe, dada yangu.

Mdogo wako,
Nassibu


Mtoni, Temeke
27 Agosti 2024

Mdogo wangu Nassibu,

Assalam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa mwili.

Nilikutukana siku tatu nzima. Nikasema huyu si ndugu, huyu ni askari. Halafu Abdulrahman akaja mwenyewe kutoka Kisarawe, kakonda kama ufito, akasema, "Mama, ulipompigia shangazi simu unamsomea barua ya mjomba huku unalia, nilisikia yote. Twende."

Tulikwenda Jumamosi. Nilibeba mchele na ufagio, kama mtani anayekuja kazini. Getini tukakutana na Daniel, kaka yake Isack, na wenzake kutoka Tabora. Nikasema, "Hodi, watani zenu tumefika." Wakanitazama mie, wakamtazama yeye. Hakuna aliyeuliza ni nani. Nadhani woga wake ulishamtaja.

Walimpiga, Nassibu. Kwa mateke, kwa mkanda, kwa mguu wa kiti. Alikuwa kapiga magoti na mikono kaiweka chini, hakujikinga. Nilisikia mfupa wa bega ukilia. Nikajilaza juu yake, wakanitupa pembeni kwa nywele. Daniel akaingia stoo akatoka na shoka, na watu wakampisha njia.

Benedicta akatoka ndani. Kavaa nyeusi, kamfunga mtoto mgongoni. Akasema, "Mwacheni, huyo ni mtani." Daniel akasema, "Shemeji, huyu ndiye!" Akamjibu, "Najua ndiye. Mtani akija msibani anafanya kazi yake. Shusha shoka, tuione kazi yake."

Akasogea mpaka mbele ya mwanangu. "Haya, mtani. Mwigize mume wangu. Tuonyeshe alivyokuwa anatembea."

Abdulrahman akasema, damu inamtoka puani, "Sijui alivyokuwa anatembea, mama."

"Tuonyeshe alivyokuwa anacheka."

"Sijui, mama."

"Basi tuonyeshe unachokijua."

Akainuka. Bega moja limelegea, halinyanyuki. Akanyanyua mkono mmoja uliobaki mbele ya uso, vidole kavikunja kama havipo, akasema, "Mie mtani. Mie mtani." Sauti ilikuwa ya Isack, wallahi, na lafudhi ya Kinyamwezi yenyewe. Akashika shingo. Akaanguka chali mavumbini mbele ya watoto wa marehemu na macho akayaacha wazi.

Hakuna aliyecheka. Benedicta aliketi chini kama mtu aliyekatwa miguu, akatoa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Daniel akalitupa shoka, akajipiga kichwa ukutani, na ndugu zake wakamshika. Mwanangu hakuinuka. Alilala vilevile mpaka polisi wakaja, wakambeba kama alivyo.

Yuko mahabusu Ukonga, kesi ya mauaji, yeye na Bakari. Nimekwenda kumwona. Mie ndiye niliyelinoa panga lile, Nassibu, na mie ndiye niliyempeleka Mbezi Luis, na sijui wapi nilikosea zaidi. Kila siku naosha vyombo kwa Benedicta, hanisalimii na hanifukuzi. Likizo yako ikifika usipitie kokote, njoo moja kwa moja. Peke yangu siwezi.

Dada yako,
Chausiku