Sidi Zangu Kwenye Mpunga wa Mbuke

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimeipata! Namba kumi na moja! Mwandiko unakimbia, wenyewe shahidi.

Naandika nimekaa kwenye benchi la Silvester, hapa Ilomba, nasubiri manyunyu yapite nikapande basi la kurudi Mafinga. Silvester anauza redio na deki za mtumba kutoka Ujerumani. Wazungu wengine husahau sidi humo ndani. Akikuta ya Rostfeld, bendi yangu ya Kijerumani, hunipigia: Mama Chuma, njoo, chuma chako kimefika. Leo amenitania mbele ya wateja. Eti mama wa Kikatoliki mwenye rozari shingoni, anasafiri kutwa nzima kufuata kelele ya gereji! Nikamwambia wewe uza, maoni yako mpelekee mkeo.

Miaka ishirini na mbili nazikusanya. Nilianza nikiwa nafagia maranda karakana ya misheni. Fundi mmoja Mjerumani pale alikuwa anaweka Rostfeld huku randa ya umeme inanguruma. Siku moja akazima mashine, mlio ukaendelea. Nilidhani mashine imejifunza kusali. Alipoondoka kwao aliniachia namba moja, ndiyo mwanzo wa ugonjwa.

Albamu sitaki, nataka singo za rimiksi. Wimbo mmoja wanauvunja, wanauunda upya mara tano, mara sita. Kama ubao ule ule, leo umekuwa mlango, kesho kitanda. Pembeni ya kava, na juu ya sidi yenyewe, kila moja ina namba yake. Zilitoka kumi na saba, bendi ikavunjika. Nilikuwa nazo kumi na sita.

Sasa nimemaliza. Nani mwingine Tanzania hii? Ee Bwana, nisamehe majivuno. Lakini nani?


Jumapili, 11 Mei 2025

Boksi halipo.

Jana nilifika nimechoka, namba kumi na moja nikailaza chini ya mto. Leo tumetoka Misa, nimepanda kiti, nimefungua kabati la juu niipange kati ya kumi na kumi na mbili. Patupu! Boksi la viatu, lenye utepe wa kijani. Nimepapasa mpaka kwenye kona za buibui.

Nikamwita Kasian. Mume wangu huyu, yupo sebuleni anakata kucha. Anasema: Aa, Mbuke alikuja jana asubuhi. Alisema mmeshaongea kwenye simu.

Mbuke! Mke wa marehemu kaka yangu Amos. Wifi yangu. Anaishi Madibira, analima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji.

Tuliongea kweli, Alhamisi. Aliniuliza, wifi, huna sidi mbovu? Anataka azifunge kwenye nyuzi shambani, zikimetameta ndege kwelea wanaogopa. Nikamwambia zipo, droo ya chini, zile za harusi za watu na za kwaya zilizokwama. Droo ya chini! Nimeenda kuifungua. Zote zipo, vumbi halijaguswa. Hakuchukua hata moja. Kwa hiyo aliinama akaona za bure, akaifunga droo, akapanda kiti!

Nimempigia. Amecheka. Kacheka, yule mwanamke! Anasema: Wifi, si ulinipa mwenyewe? Tena nzuri hizo, zinang'aa kuliko za kwaya. Ndege wanakimbia muziki wako hata haujawashwa.

Nimekata simu. Sijala.


Jumatatu, 12 Mei 2025

Kazini, kiwanda cha mbao. Nimenoa misumeno saba bila kunyanyua kichwa. Msimamizi kasema leo Mama Rozalia meno ya msumeno wako yanaweza kunyoa ndevu. Sikucheka.

Kila jino nililopitisha kwenye jiwe nilimwona Mbuke. Namba nne ile ilitumwa kwa posta na dada yake yule fundi, ikakaa miezi mitano njiani. Namba tisa nilibadilishana na kitenge kipya, wakati sina hata cha kuvaa kwenye msiba. Namba kumi na tatu ina rimiksi isiyo na kitu kingine, ni nyundo tu na pumzi za mtu. Nilikuwa naisikiliza Mungu aliponinyima mtoto. Hilo hata Kasian hajui.

Na sasa zimetundikwa juani, ndege wanazinyea.

Kuna kipande cha msumeno wa bandsoo kilichokatika wiki iliyopita. Nimekitengeneza kisu kidogo. Kiko sawa na kiganja. Kwa ajili ya nyuzi.


Jumatano, 14 Mei 2025

Mwezi wa Maria, rozari ya jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, leo zamu yetu. Walijaa mpaka jikoni. Mimi niliongoza. Kwenye Baba Yetu, kila nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nafunga mdomo. Mara tano! Wengine wanaendelea, mimi kimya, kisha nawadaka mbele.

Mzee Kalinga, mwenyekiti wetu, ana masikio kama ya sungura. Wakati wa chai akanisogelea. Mama, koo linakusumbua? Nikasema ndiyo, vumbi la mbao. Akasema pole, vumbi hilo linachagua maneno.

Alitoka hapo akacheka peke yake mpaka getini. Mzee mbaya huyu.


Jumapili, 18 Mei 2025

Sikukomunika, Ekaristi nimeiacha ipite. Wenzangu wa benchi walipita mbele ya magoti yangu mmojammoja, kila mmoja ananiangalia kama nimeota mkia. Padre alikuwa kwenye kitubio tangu asubuhi, ningeweza kuingia. Lakini ningesema nini? Padre, nina hasira, naomba uniondolee? Siitaki iondolewe! Bado nina kazi nayo.

Baada ya Misa nilikaa na mama mmoja aliyetoka Madibira kuuza mchele. Nikamuuliza hali ya mashamba, kwa upole, kama mtu wa heri. Kasema kwelea mwaka huu ni balaa. Wanalala kwenye matete ya mto, asubuhi wanainuka kama moshi. Ndege ya kunyunyizia dawa inasemwa tu kwamba inakuja. Mpunga uko kwenye maziwa, punje bado laini, ndiyo wanaoutaka hasa, wanaufyonza unabaki makapi. Shamba lisilolindwa linaisha kwa siku mbili.

Nikauliza, na wifi yangu Mbuke? Kasema yeye shamba lake limepakana na matete, ni la kwanza kushambuliwa, lakini Mungu kamsaidia, ametundika vioo vinavyomwaga mwanga, ndege wanampita wanaenda kwa jirani.

Vioo!

Nimeondoka hapo nimejua siku ya kwenda. Ni wakati huu huu. Mwezi ujao watakuwa wameshavuna, kisasi changu hakina maana.

Nimeandika neno hilo. Limekaa hapo linaniangalia. Sitalifuta.


Jumanne, 20 Mei 2025

Kasian kanikuta nanoa kile kisu tena. Kaniuliza cha nini. Nikamwambia. Kavuta kiti, kakaa. Kisha:

"Rozalia, yule mama anategemea shamba hilo hilo moja."

"Na mimi nilitegemea boksi hilo hilo moja."

"Hizo ni sidi, mama. Muziki upo kwenye simu siku hizi."

Muziki upo kwenye simu! Nimeishi naye miaka ishirini na nne, bado anaongea hivyo. Rimiksi zile kwenye simu hazipo hata robo. Nimetafuta. Na hata zingekuwepo! Na yeye aliyemwachia mgeni akapanda kiti ndani ya chumba chetu, anakata kucha?

Kisha akasema kitu kibaya zaidi. Kasema nenda mkazungumze, mna la kuzungumza tangu msiba wa Amos. Nikamwambia la Amos lilishakwisha, aliache.

Nimeomba ruhusa kazini siku tatu. Nimedanganya, nimesema mgonjwa. Hiyo nayo naiweka kwenye hesabu ya kitubio.


Alhamisi, 22 Mei 2025 — Madibira

Joto! Nimetoka Mafinga kwenye ukungu nimevaa sweta mbili, hapa nimezivua zote.

Sikwenda nyumbani kwake, nilikwenda moja kwa moja shambani. Niliziona kutoka mbali, kabla ya kuona hata kichanja cha kulindia ndege. Kumi na sita. Zimepangwa kwenye miti mirefu, kwa mstari, zinazunguka na upepo. Mwanga unaruka juu ya mpunga kama samaki. Nisiwe mwongo, ni pazuri. Nilisimama kwenye tuta nikasahau kilichonileta, labda dakika nzima.

Kisha nikatoa kisu.

Ya kwanza kukata ilikuwa namba sita. Imechubuka kwa kupigapiga mti, rangi imebanduka, ukiiinua unaona jua upande wa pili. Imekufa. Ya pili, namba mbili, salama. Ya tatu, kumi na tatu. Ile ya nyundo. Ina mikwaruzo pembeni, katikati safi. Nikaifuta kwa kanga, nikaibusu, naam.

"Kata tu, wifi. Zipo nyingine kule mwisho."

Mbuke. Juu ya kichanja, na debe lake na fimbo. Alikuwa ananitazama muda wote. Amekonda, na sauti imekauka kwa kupiga kelele.

Nikamwambia: Mwizi wewe! Nilikwambia droo ya chini!

Akasema: "Najua. Niliiona droo."

"Sasa?"

"Sasa nilitaka uje."

Sikuelewa. Akashuka, akaja taratibu juu ya tuta, miguu imejaa matope. Akasema: nimekupigia simu mara ngapi tangu tumzike Amos? Unasema una kazi. Miaka miwili. Nimeona huji kwa ajili yangu, nikasema atakuja kwa ajili ya vyuma vyake.

Nikamwambia usinizungushe, ungeniibia kitu kingine. Hapo ndipo sura yake ilibadilika. Akasema, na hakupaza sauti:

"Mlikuja na gari usiku ule mkamchukua mume wangu. Hamkuniuliza. Nilikuwa nimeshamchimbia kaburi hapa, pale kwenye mwinuko, anapoliona shamba. Wewe ndiye ulisema Mhehe hazikwi kwenye tope. Nakumbuka sauti yako. Mimi nilichukua boksi la viatu, wifi. Wewe ulichukua mtu."

Nilikuwa na jibu. Mila yetu, mama yetu alikuwa bado hai, alitaka mwanawe karibu. Nilikuwa nalo jibu, nimelijua miaka miwili.

Nikakata ya nne na ya tano ili nifanye kitu kwa mikono. Hakunizuia. Kanipikia wali jioni, kaweka sahani, kaondoka kukaa nje. Nimekula kwa hasira. Mchele wake ni mtamu, Bwana naye ana vituko.


Ijumaa, 23 Mei 2025 — juu ya kichanja, saa tatu asubuhi

Naandika kwa vipande, katikati ya mawimbi ya ndege.

Walikuja alfajiri. Yule mama alisema kama moshi. Si moshi, moshi hauna sauti. Hawa wanavuma kama mashine inayotafuta gia. Walipita juu ya sidi zilizobaki, wakageuka, wakatua upande ule nilioukata. Moja kwa moja! Kama nimewafungulia mlango.

Zimebaki kumi na moja zimetundikwa. Tano ziko kwenye mkoba wangu. Nilitaka hiki hasa, nilipanga hiki. Nimekaa hapa juu naangalia masuke yanainama kwa uzito wa ndege, maziwa yanavuja, na najaribu kuona utamu wake. Kidogo upo. Nisidanganye karatasi.

Mbuke anakimbia kwenye tuta la mbali, anapiga debe. Anapiga ovyo! Ta-ta-ta-ta, mfululizo, kama mvua ya bati. Kwelea wameshauzoea, wananyanyua kichwa na kuendelea kula. Mpigo lazima uvunjike, jamani, uache pengo, urudi kutoka pengine. Nimempigia kelele: Acha mbili! Piga moja nzito! Kanigeukia kama nimemtukana. Kisha akajaribu. Wakainuka robo nzima ya shamba.

Haimaanishi chochote. Mtu akipiga vibaya unamwambia.

Saa nne. Wamerudi. Ni wengi zaidi. Mkono wa Mbuke umechoka, naona fimbo inashuka kabla ya debe. Hapa kichanjani kuna debe la pili, na kijiti kikavu cha kupigia. Hajaniambia nilichukue. Hajaniambia nizirudishe zile tano. Angeniomba! Neno moja tu, wifi nisaidie, ningejua la kufanya. Ningekataa, au ningekubali, lakini ningejua. Haniombi. Na mimi sijamwambia neno la Amos ambalo nadhani ndilo analolisubiri. Tumekaa hivyo, kila mtu na tuta lake, na mpunga katikati unaliwa.

Sijamsamehe. Nataka iandikwe.

Saa nne na nusu. Ameanguka kwenye mfereji. Ameinuka. Debe limeenda na maji.

Ameniita. "Wifi!" Mara moja tu, mikono kiunoni, mgongo kwa jua, uso siuoni. Sijui ni wa kuomba au wa kutukana.

Nashuka. Nikifunga daftari, debe la pili nalishika mkono wa kushoto. Kisu kulia, sikiachi: akiomba nitapiga debe, akitukana nitakata zilizobaki.