Mwalimu wa Farasi Aliyenishika Paja

Akinyi, Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, mke wangu,

Hapa Magunga nilitafuta mtu wa kunifundisha kumchezesha farasi kwa madaha, nikaonyeshwa mama mmoja anayewafuga. Alinishika paja ili aninyooshe mguu, huku akiniuliza nimeoa kwa nani. Nikamtaja baba yako. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Uwi! Huyo si mume wa dada yangu?"

Kumbe ndiye mama yako mdogo aliyekuwa Ujerumani, ambaye sijawahi kumwona! Akinyi, mama mkwe huyo, asiyepaswa hata kunigusa! Kwenye paja!

Sasa ananifundisha akiwa nyuma ya fensi, amenipa mgongo, anasikiliza kwato tu: "Kaa wima, mkwe!"

Tafadhali, mama yako asijue. Chai yangu ameiacha chini, asinipe mkononi, akaenda zake. Ina tangawizi nyingi kama yako, nikatamani nyumbani.

Wako, Okoth