Mchango Uliorudi kutoka Ulaya

Bweranyange,
Jumapili, baada ya ibada

Shikamoo Shangazi,

Saa kama hii ningekuwa kwako. Ungekuwa umekaa kwenye mkeka unachambua maharage, mimi nimekaa mlangoni nakusomea matangazo ya kanisani, ambayo ulikuwa umeshayasikia mwenyewe kwa masikio yako. Ulitaka niyasome tena ili upate nafasi ya kubishana nayo. Leo nimetoka kanisani nikafungua mlango wako, nikafagia, nikafunga. Nimekaa kwangu na shajara. Ulikuwa ukiniuliza naandika nini humo kila jioni, nami nakujibu, "Ya leo tu, Shangazi." Leo naandika ya tangu ulipoondoka, maana kuna jambo uliondoka kabla hujajua limefikia wapi, na ulilibeba moyoni kuliko hata mimi mwenye mke.

Jibu la viza lilikuja. Lilikuja wakati jamaa wa mbali ndio kwanza wanamaliza kuondoka msibani. Walikataa.

Nitakueleza kwa mpangilio, usinikatize.

Unakumbuka siku niliyokuja kukueleza masharti. Marit alikuwa amemaliza mkataba wake wa kufundisha wauguzi kituo cha afya, amerudi kwao, na tulikuwa tumekubaliana mimi nitamfuata. Nikakuambia sheria ya kwao inataka mwenye kuleta mwenzake aonyeshe kwamba mshahara wake, wa kazi yake mwenyewe, unafikia kiwango fulani, ili mgeni asije akawa mzigo kwa nchi. Nikakuambia Marit hajafikia, kwa sababu kule kwenye nyumba ya wazee wamempa mkataba wa nusu kazi, zamu nyingine anapigiwa simu mtu akiugua.

Ukaniuliza, "Kwa hiyo serikali yao inataka kuona mshahara wa nani?"

"Wa Kokugonza." Nilitumia jina ulilompa wewe, nikidhani litapunguza makali.

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Yaani wewe ndiye unayeposwa! Kaka yangu kafa bila kujua kazaa binti!"

Habari hiyo ilifika dukani kwa Jasto kabla yangu. Kila nilipopita, kuna mtu aliniuliza kama mahari yangu imeshafika. Baba mdogo Filbert alisema wasinipunje, mimi nimesoma hadi kidato cha nne, ni karani wa chama cha msingi cha ushirika na napima kahawa ya wilaya nzima. Nilicheka nao. Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa nawaza: nalima, napalilia migomba, naandika mizani ya watu kuanzia asubuhi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabika. Kinachohesabika ni Marit kuamka usiku kumgeuza mzee wa watu kitandani.

Wewe hukuliacha kwenye kicheko. Ulikaa nalo siku mbili tatu, kisha ukaita ukoo. Nilikukuta umetandika, umeweka kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wazee wamekaa kama siku ya posa. Ukasema, "Kuna mkwe wetu amepungukiwa. Mtu wa ukoo huu akipungukiwa kwenye jambo la ndoa tunafanya nini?" Hakuna aliyebisha. Baba mdogo Filbert alitoa fedha za kahawa zake. Mama Jasto alitoa za mikungu aliyokuwa amepakia kwenye lori la jana yake. Wewe ulitoa za kahawa uliyoikausha na maganda yake msimu mzima, nami ndiye niliyekuwa nimeipima, nikajua kabisa hukubakiza.

Nilitaka nimpigie Marit kwanza. Ukanikataza. "Mchango hauombewi ruhusa. Atashangaa akiuona, basi."

Na mjini Kayanga kuzituma hukukubali niende peke yangu. Ulivaa kitenge cha Pasaka, ukapanda bodaboda kwa upande, ukamwambia kijana wa watu aendeshe kama amebeba mayai. Benki, yule dada wa dirishani aliponiuliza sababu ya kutuma, kabla sijafungua mdomo ulisogeza kichwa ukasema, "Andika ni za ndoa, mwanangu. Za ndoa." Akaandika. Ulitoka pale umenyooka mgongo. Ulininunulia soda. Mtu mzima mimi, ukaninunulia soda, ukasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza.

Marit alipoziona alinipigia analia. Nilidhani ni furaha. Kumbe alikuwa ameshapeleka maombi na karatasi zote, na anaogopa. Alisema, "Mwambie Shangazi asante." Nikakuletea asante hiyo. Ukaitikia, "Si nilikuambia?"

Baada ya hapo presha ilipanda, tukakupeleka hospitali, na mengine unayajua mpaka pale ulipoishia.

Marit hakuja kukuzika, Shangazi. Najua unajua. Nataka tu ulisikie kutoka kwangu na si kwa walimwengu. Siku ambazo hafanyi kazi halipwi, na mwezi ule alikuwa karibu kabisa na kiwango. Aliniuliza, "Nije?" Nikamwambia asije. Nilimwambia mimi. Kisha nikasimama kaburini peke yangu katikati ya wanaume wenye wake zao, nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema, "Mke gani haji hata kwenye msiba wa aliyempa jina?" Sikugeuka.

Ndipo likaja jibu. Walisema mambo mawili. La kwanza, mshahara wa Marit ulikuwa bado haujafikia kiwango, umepungua kidogo tu. La pili walitaka maelezo: kwa nini mume ametuma fedha nyingi kwa mke katikati ya maombi, na kwa nini zimeandikwa kuwa ni za ndoa? Waliuliza kama Marit amelipwa ili akubali kuolewa, mimi nipate njia ya kuingia kwao.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Nilikuwa nakiona kitenge chako cha Pasaka.

Usijilaumu huko uliko. Ungekuwa hapa ungeuliza swali lile lile ninalojiuliza: sasa mtu akipungukiwa, ndugu zake wakae wanamtazama? Kule inaonekana ndiyo heshima yenyewe. Mtu asimame peke yake, akifika amefika.

Niliandika maelezo. Mwenyekiti wa kitongoji akaandika yake, mchungaji yake, na Baba mdogo Filbert akaweka dole gumba ingawa anajua kuandika, kwa sababu alisema dole gumba linaaminika zaidi. Lakini yule mtu anayemsaidia Marit na mambo haya alishauri fedha zirudi zilikotoka ili akaunti yake ibaki na mshahara mtupu. Marit akazirudisha. Nikazitoa Kayanga, nikaja nazo, nikaanza kwa Baba mdogo.

Hakuzigusa. Alirudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. "Deus, huyo mwanamke amekuacha?"

"Hapana, Baba mdogo. Ni mambo ya benki."

"Mchango wa ndoa unarudishwa siku mke amerudi kwao. Wewe mke wako yuko wapi?"

Yuko kwao.

Jioni yake Mama Jasto alikuja na ndizi kwenye sufuria, akakaa nami. Kesho yake wakaja wengine wawili. Walikuja kunihani kama mfiwa! Mmoja aliniambia mimi bado kijana, na yuko binti wa Igurwa anafundisha chekechea, mpole sana. Ungekuwepo ungewafukuza na ufagio. Mimi niliwakaribisha chai. Na nikikwambia kweli, nilifurahi kwamba kuna watu ndani ya nyumba, hata kama walikuja kwa msiba usiokuwepo. Walipoondoka nilibaki na zile fedha mezani. Kule zikikaa, ndoa ni ya uongo. Huku zikirudi, ndoa imekufa. Mtu ambaye ningemuuliza nifanyeje alikuwa wewe, na nilikuwa nimeshainuka, nimeshika mlango kuja kwako, ndipo nikakumbuka.

Nikarudi nikazifunika zile fedha, Shangazi.

Aliyenikwamua ni Baba mdogo Filbert, asubuhi iliyofuata. Alikuja mwenyewe, hakutaka hata kukaa. "Nimelala nikiwaza. Tulimpa Kokugonza, hatukukupa wewe. Mnunulie ng'ombe. Huyo ng'ombe atakaa hapa, ni wake, na ukoo mzima tutakuwa mashahidi. Hao wazungu wakiuliza, waambie fedha zinakula majani."

Tulikwenda naye kwa wafugaji upande wa Kyerwa, tukachagua mtamba mwekundu ambaye pembe zake ndio kwanza zinachomoza vizuri. Baba mdogo alibishana bei tangu asubuhi mpaka nikaona aibu. Sasa mtamba yuko nyuma ya nyumba yako, nimemjengea kibanda, na kila apitaye anamwita ng'ombe wa Kokugonza. Wanawake hawaji tena kunihani. Yule binti wa Igurwa nasikia amechumbiwa. Nilimtumia Marit picha, akauliza kama ng'ombe anasikia baridi. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu kabla hujalazwa.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuambia hasa. Amefikia kiwango. Alipata kazi kamili, lakini mji mwingine, kaskazini zaidi, hana rafiki huko, na karibu zamu zote ni za usiku. Tumesubiri mpaka slipu za mshahara zikawa za kutosha, wiki iliyopita ameomba upya. Safari hii ni jasho lake tupu, hakuna hata senti ya mtu mwingine. Mtu wake wa ushauri anasema inaonekana vizuri.

Ila Shangazi, amechoka. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka bando linakatika. Sasa ananipigia akitoka zamu, kwao ndio kwanza kunapambazuka, mimi niko kwenye kibanja, katikati ya migomba, nakata majani makavu. Ananiuliza habari za ng'ombe, za mvua. Jana nilikuwa namweleza jinsi migomba ile ya chini ilivyoangushwa na upepo, nikamuuliza kitu, hakujibu. Nikadhani mtandao. Nikaweka sikio vizuri. Alikuwa amelala. Nikasikia anavyopumua.

Sikukata. Nilikaa chini ya mgomba na simu sikioni, nikamsikiliza. Ni muda mrefu sijasikia mtu akilala karibu yangu. Bando likaisha lenyewe.

Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia hilo. Kwa Jasto wangecheka, na Baba mdogo angeniuliza bando limegharimu kiasi gani.

Pumzika, Shangazi. Kaburi lako nimelipalilia, na nyumba yako sitaruhusu iote majani wakati nasubiri. Jibu likija nakuahidi sitalisomea barabarani wala ofisini. Nitakuja nalo likiwa halijafunguliwa, nikae hapo kaburini kwako, tulisome wote. Likiwa zuri nitakuaga vizuri kabla ya kusafiri. Likiwa baya, utanivumilia, maana nitakaa nawe kidogo.

Mtoto wa kaka yako,
Deus