Alama ya Pili Haikuwaka

Jumatatu, 4 Agosti
Sampuli kumi na tisa kabla ya saa sita. Umeme umekatika mara mbili. Mashine ya labo, maabara yetu, inatafuta sehemu mbili za kirusi cha Mpox, kila moja na alama yake. Alama mbili zikiwaka, mtu anaumwa. Kwa Mama Neema, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, pale bandarini, imewaka moja tu. Kanuni inasema rudia. Sikurudia. Foleni ndefu, mgongo unauma. Nimeandika "hapana", nimesaini.

Jumanne, 5 Agosti
Mama Neema ameruhusiwa kutoka kwenye hema la wagonjwa, eti ni tetekuwanga tu. Amepanda boti kurudi kwao Mpala, mtoto wake Neema, wa miezi minane, mgongoni. Muuguzi wetu, Mama Béatrice, alinifuata labo. "Mama Régine, ule mama ameenda na vidonda mubichi kwa mikono. Njo tetekuwanga kweli?" Nikamwambia labo imesema hapana.
Labo ni mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimerudia sampuli ya Mama Neema. Alama moja. Nimefungua dawa mpya ya kupimia, nimerudia tena. Moja.
Docta Kabwe, mkuu wetu, hataki maneno mengi: "Umechafua sampuli. Andika hivyo, tumalize." Ingekuwa rahisi. Lakini uchafu hauwaki kwa nguvu namna ile, mara tatu, mahali palepale.


Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Docta yote. Kwamba niliona alama moja, nikaandika hapana kwa uchovu. Nilitegemea afoke. Alivua miwani, akauliza, "Mutoto iko na miezi ngapi?"
Minane.
Sampuli imepanda ndege kwenda mji mkuu. Kule watasoma kirusi chote, mwanzo hadi mwisho.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpala, na Mama Béatrice. Upepo mkali, boti imetutapisha sote. Tumemkuta Mama Neema kwa mama yake mzazi. Mikono imeharibika. Neema amejaa vipele usoni, macho hayafunguki. Tangu Jumanne majirani wanne wamepokezana kumbeba huyo mtoto na kumbembeleza, kwa sababu karatasi yangu ilisema hakuna ugonjwa.
Tumewarudisha mama na mwana kwenye hema letu Kalemie. Majirani wamebaki, tumewaomba wasitoke nyumbani. Mmoja alinishukuru kwa kufika. Naona aibu. 

Jumapili, 10 Agosti
Sikuenda misa. Neema ana homa kali, hanyonyi. Mama yake anakamua maziwa, anamtilia kwa kijiko, yanatoka pembeni mwa mdomo. Anajaribu tena. Nimesimama mlangoni mwa hema na barakoa yangu, sikuingia. Mwoga mimi.

Jumatano, 13 Agosti
Majirani wawili wa Mpala wametokwa na vipele.

Alhamisi, 21 Agosti
Jibu limefika. Docta Kabwe aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.
Si aina ya Mpox tuliyoizoea huku ziwani. Si ile nyingine ya bara, mbali na ziwa. Ni zote mbili katika kirusi kimoja. Aina mbili zikiingia seli moja, kila moja inajinakili, na nakala inaweza kuanzia kwa hii ikamalizikia kwa ile. Kinachozaliwa kina vipande vya pande zote. Sehemu ambayo alama yetu ya pili inaitafuta imebadilishwa. Ndiyo maana haikuwaka.
Mume wa Mama Neema anachimba madini Manono, huko bara. Mwezi uliopita alirudi na vidonda. Mama mwenyewe alikuwa kila siku sokoni bandarini, katikati ya wagonjwa. Huenda virusi hivyo viwili vilikutana mwilini mwake. Huenda vilikutana kwa mwingine kabla yake. Hakuna anayejua.
"Haukuchafua," Docta akasema. "Nilikukosea, Mama."
Sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa nafikiria karatasi nyingine nilizosaini.

Ijumaa, 22 Agosti
Tumetoa sampuli zote zilizobaki kwenye frigo. Tunarudia moja moja, Docta na mimi. Hadi jioni tumepata mbili zenye alama moja. Si zangu, za mwenzangu wa zamu nyingine. Hilo halinipunguzii kitu.

Jumamosi, 30 Agosti
Neema ananyonya. Vipele vimekauka. Jicho la kushoto limebaki na ukungu mweupe, na daktari hajui kama litaona. Majirani wa Mpala wanapona.
Leo niliingia hemani, nikakaa chini mkekani. "Mama Neema, ile karatasi ya hapana, njo mimi niliandika. Mashine ilinionya. Sikurudia."
"Nilijua," akasema. "Ile siku ulinipa karatasi bila kuniangalia."
Alikuwa akimfunga mtoto kitenge, mikono yake bado ina magamba. Nilingoja anitukane. Akaniomba maji ya uvuguvugu, ya kumpangusa Neema macho.
Nikaenda kuyachota.