Mama wa Rafiki Yangu Aliungua, Nami Nikasingizia Pampu

Eedo Shamis, shangazi yetu sote, assalamu alaikum,

Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne, na safari hii nimejiapiza kuandika mpaka mwisho bila kurudi nyuma kusoma, kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana nisamehe, nisaidie hivyo hivyo. Majina nimeyabadilisha yote, langu likiwemo, uniite Awil. Nina miaka thelathini na sita, nilizaliwa Griftu, na kazi ndiyo iliyonileta kwenye mji ambao sitautaja, ila ukitoka Garissa kuelekea Modogashe utaupita. Mimi ni zimamoto, na kwa kuwa sisi ni wachache, zimamoto huku ndiye huyo huyo anayepanda ambulensi, nyumba ikishika moto naitwa, mama akizidiwa na uchungu naitwa, lori likipinduka naitwa, na miaka kumi na moja nimeitika. Watoto watatu wamezaliwa mikononi mwangu kando ya lami, mmoja wao sasa anasoma darasa la tatu na akiniona ananikimbia, sijui walimwambia nini.

Eedo, naipenda kazi hii, lakini ni kazi ya kujulikana na kila mtu na kutotembelewa na yeyote. Nikiingia hotelini kunywa chai mazungumzo yanakatika, mtu anauliza, "Waryaa Awil, nani tena?" wakidhani nimeleta habari mbaya, na mimi nimeleta njaa tu. Simu yangu hailii ila kuna balaa. Sijaoa, nilichumbia mara moja, akina mama wa upande ule wakasema huyu mwanamume harufu ya moshi haimtoki, na baada ya hapo sikujaribu tena. Chumba changu kiko nyuma ya kituo, kina kitanda, birika na redio ya kazi, na jirani yangu ni gari lenyewe la zimamoto.

Mtu aliyenitoa kwenye upweke huo ni Bulle, mfanyabiashara wa mifugo, aliyenikuta wiki ya kwanza nakula peke yangu akanishika mkono akanipeleka kwake, na tangu siku hiyo nikawa nakula kwake kama mtoto wa nyumba, mkewe Samsam akinitengea sahani bila kuuliza kama nitakuja. Mama yake, Rukiyo, alinikataza kumwita mama Bulle, akasema, "Mimi hooyo wako, wewe iko mtoto yangu ya pili," kwa Kiswahili chake cha sokoni ili wajukuu wacheke, na mimi ambaye mama yangu alifariki nikiwa masomoni Nairobi nililishika neno hilo kwa mikono miwili.

Sasa naingia kwenye lenyewe. Mwaka jana ukame ulipokaza tuliitwa kwenye ajali ya lori mbali kidogo, tukafika tukakuta hakuna moto, majeruhi mmoja tu wa mkono, basi ambulensi ikamchukua na mimi nikarudi na gari la maji, tangi limejaa. Njiani tukakuta akina mama wamepanga mitungi ya njano katikati ya barabara, kutoka ukingo hadi ukingo, na wao wenyewe wamekaa chini nyuma ya mitungi, hawapigi kelele, hawaombi, wametulia tu wanatuangalia. Eedo, wewe ni mtu wa huku, niambie nani kati yetu angepita hapo. Nilifungua koki. Walijaza, mbuzi wakanywa kwenye mabeseni, bibi mmoja akaninawisha mikono kwa maji yangu mwenyewe kama mgeni wa heshima, na tulipoondoka tangi lilikuwa limebaki robo.

Kanuni yetu ni moja na mtoto anaijua, gari likirudi linajazwa kabla dereva hajavua viatu. Tulipofika kisimani kulikuwa na foleni ya mikokoteni ya punda, jua lilikuwa kali, na ingawa gari letu lina haki ya kutangulia, niliona haya kuwasukuma watu wenye kiu, nikasema nitarudi baada ya Asri. Nikaenda kunywa chai. Nikanywa ya pili. Kikombe kilikuwa bado mkononi simu ilipolia, na nyumba iliyokuwa inawaka ilikuwa ya Bulle.

Jiko la makaa liliangukia godoro lililokuwa jikoni. Bulle alikuwa mnadani, Samsam alikuwa amewatoa watoto, na hooyo Rukiyo alikuwa chumba cha nyuma, ambako njia ya kufika ni moja, kupitia jikoni. Tulifungua mpira wa maji ili tuupoze ule mlango wa jikoni, maji yakatoka kwa muda mfupi sana, yakakohoa, yakakatika. Niliingia na blanketi lililoloa. Nilimtoa, lakini nilimpitisha kwenye moto ambao kwa tangi lililojaa ungekuwa umeshazimika, na miguu yake ikaungua kuanzia magotini kushuka chini. Nje hakuwa anapumua, nikampulizia kwa ule mfuko wetu wa kupumulia mpaka akakohoa, watu wakapiga takbiri, mji mzima ukasema Awil amemfufua mama wa Bulle. Hawezi tena kutembea. Na Bulle alipofika mbio akaniuliza maji yalikuwa wapi, mdomo wangu ulisema, "Pampu ilikwama." Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti pia.

Mwezi uliofuata Bulle alikuja kituoni asubuhi na wazee wawili na ngamia jike aliyekaribia kuzaa. Alizungumza Kiswahili ili mkubwa wangu, ambaye ni mtu wa Machakos, asikie.

"Bwana mkubwa, hii ngamia iko ya Awil. Yeye natoa mama yangu kwa moto. Nyinyi yote iko shahidi."

Nikasema kanuni za kazi haziruhusu zawadi. Mkubwa wangu akacheka, akasema, "Pokea bwana, nitakuandikia barua ya kibali mimi mwenyewe." Nikasema hapana, kanuni ni kanuni.

Bulle akaniuliza, "Kanuni? Miaka kumi wewe nakula kwangu. Kanuni ilikuwa wapi?"

Kwetu mnyama aliyetolewa mbele ya wazee harudi nyumbani. Alirudi naye, kamba mkononi, kupitia katikati ya soko. Tangu siku hiyo hajanisalimia, na mimi sijakanyaga kwake, miezi saba sasa. Ramadhani hii nafuturu peke yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, tende na chai, naisikia adhana na baada ya adhana nasikia vijiko vya nyumba za jirani. Juzi nilikutana na Samsam dukani, akafunika uso kidogo akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, hooyo anauliza alikukosea nini. Kila Asri anakuombea dua, na wewe hata mlangoni hupiti." Nilitoka bila kuchukua nilichokuja kununua.

Nyumba yao haijajengwa tena, wanajisitiri hapo uani chini ya turubai, kwa hiyo baada ya Idi wanahamia Modogashe kwa ndugu yake Bulle. Nami nimepewa fomu ya uhamisho kwenda Nakuru, natakiwa niitie sahihi Jumatatu ya baada ya Idi. Swali langu ni hili, Eedo. Je, nisaini niondoke kimya, ili yule mama abaki na jina langu likiwa zuri, ama nimwambie ukweli nimvunje moyo mwanamke mzee ambaye miguu yake nimeiua mimi? Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Yule niliyekuwa namuuliza mambo yangu yote ndiye huyo Bulle.

Awil

EEDO SHAMIS ANAJIBU

Wa alaikumu salaam, Awil. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa machozi, ya pili kwa hasira, na nakujibu nikiwa kwenye ya pili, kwa hiyo kaa vizuri.

Nianze na lile ambalo si kosa lako, maana umelibeba pamoja na yaliyo yako. Maji uliyowapa wale akina mama yaache. Wallahi, ungepita juu ya mitungi ile nisingekujibu barua hii. Kosa lako liko kisimani. Uliona haya kuomba nafasi ambayo ni haki ya gari lako, ukaenda kustarehe na chai ya pili huku mji mzima umetulia ukitegemea tangi la robo. Haya yako ilikuwa tamu kwako na ikamchoma mtu mwingine. Hilo ni lako, usimgawie jua wala punda.

Kisha ukadanganya. Maskini pampu, imetukanwa mji mzima, na haina ndugu wa kuitetea! Lakini nakuelewa hapo. Mtu aliyetoka motoni na rafiki yake anamuuliza swali, ulimi unaweza kuteleza. Kisichoeleweka ni miezi hii yote. Na kisichoeleweka zaidi ni yule ngamia. Hukumrudisha kwa sababu ya kanuni, usinifanye mtoto. Mkubwa wako alikupa ruhusa ukiwa umesimama hapo hapo. Ulimrudisha kwa sababu ulijua hukustahili, na badala ya kusema hivyo ukamwaibisha Bulle mbele ya wazee na mbele ya soko zima. Yeye alikuja kukuita ndugu hadharani, ukamfanya aonekane amekuja kutoa hongo.

Sasa swali lako. Unauliza kama ukweli utamvunja moyo hooyo Rukiyo. Umesikiliza ujumbe aliokutumia lakini? Anauliza alikukosea nini! Mwanamke aliyeungua miguu anakaa mkekani anajipekua kutafuta kosa lake, wewe unalo mfukoni, halafu unasema unamlinda. Moyo wake umevunjika tayari, na kila siku unayokaa kimya unauvunja tena kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla ya Idi. Fika kwanza kwa mkubwa wako, umwambie ripoti ile ni ya uongo na uandike nyingine kwa mkono wako. Huenda akakuadhibu. Pokea. Ukianza kwa Bulle utamfanya abebe siri yako na kazi yako juu ya nyumba iliyoungua, na amebeba ya kutosha.

Siku hiyo hiyo nenda kwa Bulle, baada ya Asri. Nenda bila sare na bila kumtuma mtu mbele yako. Usianze na ukame, wala mitungi, wala foleni. Anza na hili: tangi lilikuwa na robo tu ya maji, mimi sikulijaza, nami nilikudanganya. Ukishasema, nyamaza. Najua watu wa kazi yako mmezoea kufanya jambo kila sekunde, lakini hapo usifanye chochote, mwache yeye aseme. Akitaka wazee waitwe, kaa mbele yao usikilize, na chochote watakachoamua juu ya miguu ya mama yake ukubali. Ukileta neno kanuni hapo, nitakuja mwenyewe.

Kwa hooyo utaingia Bulle akikuruhusu. Umweleze mwenyewe kwa mdomo wako, taratibu, na umwambie wazi kwamba hakukukosea kitu chochote. Hilo ndilo deni lako la kwanza kwake, litangulie yote. Kisha umwombe akuruhusu uitazame miguu yake. Barua nzima umeniambia hawezi kutembea, na hukuniambia nani anamsafisha vidonda, nani anamnyoosha magoti yasikauke. Wewe umesomea hayo, na umbali wa nyumba yako na yake ni dakika chache. Miezi saba, Awil! Hapa ndipo nilipokasirika kweli.

Ngamia usimtaje. Akitolewa tena siku moja, utajua la kufanya, na mimi sidhani kama itakuwa kupokea, ila safari hiyo utasema sababu ya kweli.

Fomu ya Nakuru iweke. Usiisaini kwa sasa, maana hiyo safari ni ya kukimbia, na Nakuru pia kuna vyumba vya kukaa peke yako. Ukishasema yote na ukaona mji huu hauna tena nafasi yako, saini, nenda, hakuna atakayekulaumu, hata mimi.

Siwezi kukuahidi kwamba Bulle atakusamehe. Anaweza kukufukuza mbele ya watoto uliozoea kula nao, na ana haki. Akikufukuza, toka kwa adabu, urudi Ijumaa. Akikufukuza tena, rudi Ijumaa nyingine, hata wakishahamia Modogashe, panda gari umfuate na dawa za vidonda za mama yake. Njiani utakuwa peke yako vile vile, sikudanganyi. Lakini utakuwa na nyumba unayokwenda, na ndani yake mtu anayejua kwa nini umechelewa.

Eedo Shamis