Sola Niliyoiosha Mpaka Ikapofuka

Ijumaa asubuhi, Februari 1999

Joto leo limeanza kabla ya chai. Kaskazi imekauka, mvua hatujaiona tangu Idi, na vumbi la Mji wa Kale linapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kutusalimia vitandani. Lakini mimi moyo wangu uko baridi kama maji ya mtungini. Nimekaa dirishani, miguu juu ya kiti, kama liwali.

Mwenye haki ya kukaa hivi leo Mombasa nzima ni mimi tu.

Habari ya sola unaijua, daftari, ila nikuandikie tena nisije nikaipunguza siku zijazo. Nyumba hii ni ya urithi. Nyaya zake za umeme ziliungua zamani, na warithi kumi na moja hawajakubaliana nani amwite fundi. Basi mimi Athumani, mtu wa darasa la sita, ndiye niliyewaletea umeme wa jua. Paneli niliipandisha mgongoni, ngazi hizi zote za mawe, nikaifunga juu kwenye paa la sakafu, nikashusha waya mpaka kwenye betri chumbani kwa dadangu. Barazani nilisema niliibeba kwa mkono mmoja na mkono wa pili nina kikombe cha kahawa. Ilikuwa mikono miwili, na hamali mmoja wa Marikiti alinisaidia nusu ya ngazi. Hilo tubaki nalo mimi na wewe.

Dadangu Mwanaisha ni mjane. Mumewe alipokufa alikaa mwaka mzima hana neno, hata kula akila kwa kusukumwa. Kilichomwinua ni darasa. Kina mama tisa, wengine wana wajukuu, huja chumbani kwake baada ya magharibi kujifunza kusoma na kuandika, wakakaa mpaka karibu saa tatu. Mchana hawana nafasi, wana mahamri ya kuuza na wagonjwa wa kuwaangalia. Kwa hiyo darasa ni taa, na taa ni sola, na sola ni mimi.

Nilimwambia itawaka mpaka alfajiri. Niliwaambia na wao, nimesimama mlangoni, mkono kiunoni.

Mwanzo iliwaka kama nilivyosema. Kisha ikaanza kupepesa saa mbili na nusu. Halafu saa mbili na robo. Wiki iliyopita haikufika hata saa mbili. Globu ikawa nyekundu kama kaa la mwisho la jikoni, na kina mama wakafunga madaftari neno likiwa nusu.

Dawa niliijua, au nilidhani naijua. Kioo ni kichafu. Kuna vumbi, kuna moshi wa makaa, na kuna kunguru wa mji huu, ambao sola yangu wameifanya choo chao cha umma. Nikaanza kuosha. Kwanza kila wiki, kisha kila siku. Adhuhuri, jua likiwa utosini, napanda na ndoo mbili za maji ya kisima chetu cha uani, namwaga, nasugua, naiacha ikauke yenyewe. Barazani nikaeleza kuwa hivi ndivyo tulivyoosha taa za meli kule Karachi, na nahodha hakukubali mwengine ashike kitambaa ila mimi.

Melini nilikuwa naosha sahani. Hata hizo, za mabaharia tu.

Kadiri nilivyoiosha ndivyo taa ilivyofifia. Sikumwambia mtu kuwa nimeanza kuogopa.

Jumanne dada akaniita. Hakupandisha sauti, naye asipopandisha ndipo pabaya. Akanieleza kuwa Bi Rukia wa Makadara ana umeme usiokatika, na amewapa kina mama sebule yake.

"Wanataka kuhamia huko. Mimi kwa magoti haya Makadara kila jioni siendi, wajua. Watasomeshwa na bintiye."

Nikamwambia anipe mpaka Alhamisi.

"Nshakupa mwezi mzima, ndugu yangu. Haya, Alhamisi."

Akarudi kukunja leso ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Nikauona ule mwaka wa kimya umekaa kitandani pale pale, unangoja.

Jumatano nikamleta kijana fundi wa redio. Akapima betri kwa kile kidude chake cha mshale, akatikisa kichwa.

"Betri nzima, ami. Haipati chakula tu. Huko juu pana nini?"

"Pana kioo safi kuliko macho yako."

"Basi kakiulize hicho kioo, mimi nimemaliza," akasema, akafunga mkoba wake huku anacheka.

Jana alfajiri nikamwomba dada apande aone mwenyewe kuwa kosa si la uoshaji. Alikuwa hajafika juu tangu msiba. Alipanda kidato kimoja kimoja, akisimama kuyapumzisha magoti, nami nyuma yake nimebeba kiti. Tulipofika hakukaa. Akaiinamia sola kama anayemtazama mtoto mwenye homa.

"Hii ndiyo safi?"

"Si unaiona inavyong'aa."

"Yang'aa kama jicho lenye mtoto wa jicho."

Akakwaruza kwa ukucha. Ukatoka unga mweupe. Kabla sijamzuia, akautia ulimini.

"Dada, hapo kunguru wamepita."

"Kunguru hana chumvi kiasi hiki. Waosha kwa maji gani?"

Nikasema ya kisima.

"Maji ambayo hata chai hatupikii," akasema, taratibu, kana kwamba anamsomesha mmoja wa wanafunzi wake. "Umwage juu ya kioo cha moto, adhuhuri, kila siku. Maji yaruka, chumvi yabaki. Umeipaka chokaa, Athumani. Imebaki kuitia rangi tu."

Nikakwaruza na mimi, nikaonja.

Ni kweli. Kisima chetu kina munyu, kila mtu mtaani anajua, na sabuni haitoi povu humo. Lakini maji matamu huja kwa mkokoteni, ni ya kunywa na kupikia, nani atayamwaga juu ya paa? Siku zote nilizopanda na ndoo zangu nilikuwa naongeza utando mwengine juu ya ule wa jana, nami najisifu.

Dada akaniagiza ndimu sita, jerikeni moja ya maji ya mkokoteni na leso kuukuu. Ni vile vile anavyotoa ukoga kwenye birika. Tukaitilia sola kivuli kwa mkeka ili kioo kisipate moto. Yeye akikamua, mimi nikipaka. Tukangoja, tukasuuza kwa bakuli, tukakausha kwa leso. Mara tatu. Ndimu iliniingia kwenye mikwaruzo ya vidole, nikauma meno, kwa sababu dada alikuwa ananitazama na mimi mbele ya dada silii.

Mara ya tatu ikatokea buluu. Wallahi, rangi yake nilikuwa nimeshaisahau.

Jioni nilikaa nje ya mlango wa chumba chake. Nilijiambia sitaangalia saa. Niliiangalia saa mbili, nikaiangalia saa mbili na robo, na saa mbili na nusu nikaishika kabisa mkononi. Taa nyeupe pee.

Bi Fatuma, muuza mahamri, ndiye mkubwa wao. Alikuja na barua ya mwanawe aliye Jeda, barua ya zamani, imechakaa kwa kusomewa na watu. Jana aliisoma mwenyewe, kidole juu ya kila neno. Ilimchukua muda mpaka nikaanza kuiombea ile globu kwa kila dua niliyonayo. Alipomaliza, saa tatu kasoro dakika tano, akasema:

"Kumbe kuna mstari walikuwa hawanisomei."

Hakusema upi. Akaikunja barua akaitia kifuani.

Kina mama walipotoka wakanimiminia dua pale mlangoni. Mungu akuzidishie, ami, mikono yako isipatwe na baya. Nilifungua mdomo, na hadithi ilikuwa tayari, na nahodha yumo. Nikasikia ninasema, "Mwenye kuijua dawa ni huyu. Ameuonja ule uchafu."

Wakamgeukia. Ikabidi dada asimulie, naye akasimulia vizuri kuliko mimi. Ndoo mbili zilishakuwa nne alipofika katikati. Sikumsahihisha.

Sasa somo nimelishika, nakuandikia nisije nikajifanya sikujua. Kinyesi cha kunguru kitolewe siku hiyo hiyo, kwa kitambaa kibichi. Vumbi la kaskazi lioshwe kila wiki mbili, na wiki ya upepo mkali hata kabla mbili hazijatimia, kwa maji matamu, alfajiri kioo kikiwa baridi, kisha kikaushwe. Masika yakija nikae chini, mvua ifanye kazi yake. Maji ya kisima hata tone. Ndiyo elimu yote, na mimi niliipata kwa kupofusha sola nzima, kwa hiyo hapana mtu mtaani anayeijua zaidi yangu, ukimtoa mmoja.

Huyo mmoja ametuma neno Makadara leo asubuhi kuwa sebule haihitajiki, na kumshukuru Bi Rukia.

Ninapoandika hapa namsikia yuko juu. Amepanda peke yake, hakuniita na kiti. Anawatukana kunguru, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mumewe afe. Ningeweza kwenda kumsaidia. Lakini zamu yangu ni ile ya wiki mbili. Hii ya kunguru ni ya kila siku, na naona imepata mwenyewe.